TAHADHARI kwa wenye pikapu Bukavu: sili "mpya" za ekseli ya nyuma ni za zamani, zimeoshwa tu

Wandugu, hasa ninyi mnaopakia mizigo Kavumu na Katana: kuna muuza spea huku Kadutu anayeuza sili za ekseli ya nyuma (ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje kuelekea tairi) ndani ya boksi safi lenye maandishi yote. Boksi ni la kweli. Sili iliyomo ilishazeekea kwenye gari la mtu mwingine. Na yule fundi anayekaa barazani pake, anayekuambia "mama, usihangaike, nafunga hapa hapa", analijua hilo vizuri sana.

Mimi si fundi, nauza unga wa muhogo. Hilux yangu ya zamani inaendeshwa na mtoto wa dada yangu, Katana hadi Kadutu, mara tatu kwa juma. Mwezi uliopita akaniambia breki ya mkono haishiki tena. Katika mji huu, ambako kila unapoegesha gari lazima litazame ama juu ama chini, mnaelewa maana yake. Tukawa tunatembea na jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Halafu nikaona mwenyewe: tairi la nyuma la kushoto limelowa upande wa ndani, mafuta meusi mazito yenye harufu kama ya yai viza. Kijana akachungulia chupa ya mafuta ya breki, ikawa haijapungua. Basi yaliyokuwa yanavuja ni mafuta ya ponti, yaani difu, lile kasha la gia linalozungusha matairi ya nyuma: yanapenya kwenye sili na kumwagikia viatu vya breki.

Pale dukani nikapewa sili mbili, dola 18 kila moja. "Orijino, mama, tazama boksi." Nikatazama boksi. Kufunga pande zote mbili, dola 25. Nilikwenda kumalizana na mteja wangu wa unga, niliporudi kazi imekwisha. Nikaomba zile sili za zamani, akasema ameshazitupa. Hapo ndipo ningeshtuka.

Siku tisa hakuna hata tone. Nilifurahi hadi nikamwelekeza jirani yangu kwa fundi yule yule, na aibu hiyo bado ninayo.

Siku ya kumi gari likaanza kuimba. Ukifika barabara nzuri ya Kavumu na kukanyaga kidogo, huku nyuma kunaanza mlio mwembamba, mrefu, kama mtu anapiga mluzi akiwa amefunga mdomo. Nikalipeleka kwa muzee mmoja wa Panzi aliyewahi kutengeneza gari la marehemu baba yangu. Muzee hakuuliza mengi. Akaingia chini, akafungua bolti ya kujazia mafuta kwenye ponti, akaingiza kidole. Mafuta yanatakiwa yafike karibu na mdomo wa lile tundu. Kidole kikatoka kikavu.

"Mama, hapa hakuna cha kuvuja."

Akafungua ya chini. Yaliyotoka hayakujaza chupa ndogo ya soda, na ponti ile inameza lita mbili na zaidi. Mmeona ujanja? Yule hakuziba kuvuja, aliyamwaga mafuta. Ponti ikiwa tupu haivuji, unarudi nyumbani ukimwombea mtu baraka, huku meno ya difu yanasagana makavu.

Upande wa kulia, zile nati nne zinazoshika ekseli zilikuwa bado na tope la Katana, limekauka, halijaguswa na spana. Haukufunguliwa kabisa! Upande wa kushoto ekseli ilichomolewa kweli. Muzee akaitoa sili, akaifuta kwa kitambaa, akaniwekea mkononi. Mdomo wa sili mpya ni mwembamba na mkali, ukipitisha ukucha unausikia. Huu ulikuwa bapa, unang'aa kama soli ya kandambili iliyovaliwa miaka mitatu. Springi nyembamba inayozunguka nyuma ya mdomo ili kuubana kwenye ekseli, haikuwepo. Na kwenye ukingo wa chuma kulikuwa na makovu mawili ya bisibisi, pale ilipong'olewa kwenye gari lake la kwanza. Makovu hayo yalifunikwa na silikoni nyekundu.

Kisha akanionyesha kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Juu ya ekseli kuna kipumulio, kifuniko kidogo kama cha kalamu. Chetu kilikuwa kimejaa udongo mgumu. Ponti ikipata moto, hewa ya ndani inatanuka. Isipopata pa kutokea, inayasukuma mafuta kwenye sili. Kwa hiyo hata ningeuziwa sili halisi, ingevuja tena. Kukisafisha ilikuwa kazi ya waya na dakika tano.

Viatu vya breki je? Wa Kadutu aliviosha kwa petroli akavirudisha. Muzee akacheka. Vile vimeshakunywa mafuta, ukishuka mlima vinapata moto na kuyatapika upya. Amebadilisha vyote vinne, ili upande mmoja usishike kuliko mwingine.

Nilirudi dukani na sili yangu. Kwanza muuzaji akasema kilichofunguliwa hakirudishwi. Halafu, mbele ya watu, akasema mimi ndiye niliyebadilisha ili nimchafulie jina. Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu boksi sikulifungua mbele yake. Jina la duka siliandiki, maana baraza linahamishika, ujanja ndio unaobaki. Ninyi fungueni boksi pale pale kaunta: pitisheni ukucha, tafuteni springi, tafuteni makovu ukingoni. Kaeni hapo gari linapofunguliwa, chai mtakunywa baadaye. Mchukue sili ya zamani mkononi, na kabla ya kulipa mwambieni afungue bolti ya kujazia, muingize kidole wenyewe.

Sili alizoleta muzee zilikuwa dola 9 kila moja, hazina boksi, zimefungwa karatasi ya nailoni. Hazijavuja.

Lile kovu la bisibisi, anayetaka kuliona aje kwenye meza yangu ya unga, sili ninayo mfukoni. Kuhusu ule mlio, muzee amejaza mafuta mapya ya gia, 80W-90, akasema tusikilize juma mbili: ukipungua tumepona, ukiongezeka tutafute difu nyingine. Jana kutoka Katana lilikuwa bado linaimba.