Kipimo cha TSH kwa kichanga, maabara moja ya Kirumba, Mwanza: mkono mzuri, fomu mbovu

TSH ni homoni inayoiamrisha tezi ya shingo (thairoidi) ifanye kazi; tezi hiyo ikilegea, TSH hupanda. Damu ya kuipimia wanajua kuitoa. Kisigino kinapashwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kinapakwa spiriti, kinaachwa kikauke. Wanatoboa pembeni, si katikati ambako mfupa uko karibu, na kisindano hakizidi milimita 2. Tone la kwanza linafutwa. La pili linaguswa mara moja tu kwenye duara la karatasi mpaka lipenye nyuma. Mguu haukamuliwi, maana ukikamua, majimaji ya mwilini huchanganyika na damu na kuizimua.

Kwenye kukausha wanaharakisha. Karatasi ilale wazi kivulini saa 3 hadi 4. Wakati wa masika, na unyevu huu wa ziwa, iongezewe muda. Doa likiwa na rangi ya kahawia limekauka. Likiwa bado na wekundu unaong'aa, lisitiwe kwenye bahasha.

Balaa liko kwenye fomu: inauliza tarehe ya kuzaliwa, saa haiulizi. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huanza kutoa TSH mtoto akiwa tumboni, karibu wiki ya 12, na kiwango hupanda katika nusu ya pili ya mimba. Akitoka tu, ubaridi wa nje unaishtua: ndani ya nusu saa TSH huruka hadi 60 au 80 mIU/L, halafu hushuka siku kwa siku. Ndiyo maana damu huchukuliwa akifikisha saa 48 hadi 72. Sasa ukipima saa nne asubuhi, mtoto wa "juzi" anaweza kuwa na umri wa saa 35 au saa 57. Fomu haiwatofautishi.

Juu ya hilo, majibu yanachapishwa na kiwango cha mtu mzima, 0.4 hadi 4.0. Mtoto wa siku 3 mwenye 7, ambayo kwa umri wake ni ya kawaida, anawekewa alama ya kuonya, na mama anarudi Ukerewe analia kivukoni bure.

Wanapima TSH peke yake. Inakamata tezi ya shingo iliyolegea, ila pituitari yenyewe ikiwa dhaifu, TSH hutoka chini au ya kawaida huku T4 huru, yaani homoni ya tezi ya shingo yenyewe, ikiwa imeshuka. Manjano isiyoisha, sukari inayoshuka kila mara, uume mdogo mno: omba T4 huru pia. Njiti arudiwe akifika wiki 2, maana TSH yake huweza kuchelewa kupanda. Na kama kitovu kilipakwa iodini, sema, kwani iodini huipandisha TSH.

Majibu yakiwa juu kweli, damu ya mshipa ichukuliwe siku hiyohiyo. Dawa inatakiwa ianze kabla ya wiki 2 kwisha.

Tunawapa nyota 3 kati ya 5. Ukienda, andika saa ya kuzaliwa kwa kalamu pembeni ya karatasi, nje ya maduara.