Bia isiyo na kilevi: nianze na ipi?

Mwaka jana daktari alinipa dawa za wiki mbili akanikataza pombe. Dawa hazikunisumbua. Iliyonisumbua ni Ijumaa jioni: nyama choma iko mezani, wenzangu na chupa zao, mimi na soda ya chungwa kama mtoto aliyeletwa harusini. Ndipo nikaanza kununua bia zisizo na kilevi, na dawa zilipoisha sikuacha.

Kabla hujaangalia jina, soma namba. 0.0% na 0.5% si kitu kimoja. Ujerumani, bia yenye kilevi kisichozidi 0.5% inaruhusiwa kuuzwa kama isiyo na kilevi. Kama unapunguza tu, hiyo haina neno. Lakini anayejizuia kwa ajili ya dini, mjamzito, au aliyeacha ulevi, achukue 0.0 peke yake. Na huyo wa mwisho ajipime kwanza, maana ladha yenyewe inaweza kumwamshia hamu.

Namba moja kwangu ni Heineken 0.0, iliyoingia sokoni mwaka 2017. Inapikwa kama bia yoyote, kisha kilevi kinatolewa, ndiyo maana uchungu wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, bado unausikia kooni. Chupa ya mililita 330 ina kalori 69. Balaa lake ni chupa: rangi ya kijani ile ile ya Heineken yenye kilevi, nyota ile ile, kilicho cha buluu ni lebo tu. Baa moja mhudumu aliniletea chupa imeshafunguliwa na nusu iko kwenye glasi. Nilipiga mafunda mawili ndipo nikageuza lebo: kijani tupu! Siku hizi nasema mapema, "Dada, nifungulie hapa hapa mezani."

Ya pili ni Bavaria 0.0 ya kawaida, ya Uholanzi. Dar na Zanzibar utaikuta hata kwenye duka lisilouza pombe kabisa. Ina harufu ya mkate, uchungu wake mdogo. Inywe ikiwa baridi hasa. Ikipata joto inakuwa kama uji wa shayiri uliosahaulika jikoni. Zile zake za tufaha na matunda mengine mimi naziita soda, sizipi nafasi hapa.

Ya tatu ni Malta Guinness na Grand Malt, nazo naziweka pamoja. Hizi hazijaondolewa kilevi, kwa sababu hakikuwahi kuwemo: ni maji ya kimea yasiyochachushwa. Nyeusi, nzito, na tamu kwelikweli. Mgeni asiyependa uchungu atazifurahia. Mwenye kisukari asome kiasi cha sukari kabla ya kulipa.

Sasa ukiwa dukani. Chupa za kijani zilizopangwa mbele, juani, ziache. Hopsi ikipigwa na mwanga inatoa harufu ya kicheche, na friji haiwezi kuiondoa tena. Omba iliyoko ndani ya katoni, au chukua kopo, ambalo mwanga haupenyi. Angalia na tarehe ya mwisho, kwani bia hizi hazina kilevi cha kuzilinda. Ukishafungua, maliza siku hiyo hiyo. Nyumbani mimina kwenye glasi isiyo na mafuta, uiinamishe kwanza, kisha uisimamishe mpaka povu lifike vidole viwili. Ukinywa kutoka chupani unapoteza nusu ya harufu, na harufu ndiyo uliyolipia.

Mlioko Uingereza mna bahati yenu: Guinness 0.0. Shemeji aliniletea kopo moja kwenye begi, limefungwa ndani ya soksi. Nilimimina, likatulia polepole, jeusi chini na povu la maziwa juu, nami nikasahau kuuliza habari za safari. Ingekuwa namba moja hapa, kama ingepatikana kwa Mangi wa mtaani kwetu.