Makato yamekuchosha? Akaunti za benki kuanzia ya kuchukua hadi ya kukimbia

Wakuu, hii ni kwa yeyote anayetaka kufungua akaunti mpya au kuhama benki, awe Dar, Nairobi, Manchester, Berlin, Dubai au Minnesota, maana kila sehemu kilio ni kimoja, hela inapungua na wewe hujaigusa. Nimezipanga kwa aina, sio benki moja moja, sababu matangazo yanabadilika kila kukicha ila namna za kukukata ni zilezile miaka yote.

Kwanza kabisa, acheni kuchagua akaunti kwa kuangalia ada ya mwezi peke yake. Hiyo ndo inaandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango, "haina makato ya mwezi", unafurahi, unasaini. Alafu unatoa hela kwenye ATM ya benki nyingine, wanakata. Unaomba statementi yenye muhuri kwa ajili ya viza, wanakata. Meseji ya kukujulisha kwamba umekatwa, nayo ina makato yake. Cha kujiuliza ni hela yako inatembeaje, inaingia kwa njia gani, inatoka kwa keshi au kwa simu, inavuka mpaka au haivuki. Anayelipa kila kitu kwa lipa namba (namba ya duka unayoilipa kwa simu) na yule anayetoa keshi kila Jumamosi kuwalipa mafundi hawafai kuchukua akaunti ya aina moja hata kama wanakaa nyumba moja.

Chukua statementi ya miezi mitatu na kalamu nyekundu, zungushia kila mstari ambao hukuufanya wewe. Kwa Tanzania utakuta mstari wa ada na chini yake mstari wa VAT, asilimia 18, so ada ya 2,000 inaondoka na 2,360, na hapo bado kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 ambao serikali inachukua kwenye ada za huduma za fedha, mara nyingi umeshazamishwa ndani ya bei. Kenya ushuru huo ni asilimia 15 tangu Sheria ya Fedha ya 2023, benki zilishushwa kutoka 20 na hela za simu zikapandishwa kutoka 12. Kwaiyo kuna watu wanamtukana meneja wa tawi kumbe sehemu ya makato ni ya serikali. Sehemu lakini, sio yote, meneja naye asijifiche hapo.

Namba 1: benki za kwenye simu zisizo na ada, Uingereza na Ulaya

Kama uko Uingereza, una bahati ambayo wengi hawaioni mpaka wahame. Akaunti ya kawaida hata kwenye benki za zamani haina ada ya mwezi ilimradi usiingie kwenye hasi, na ATM nyingi hazikati. Zinakokupiga ni sehemu mbili tu, ukizidisha salio na ukitumia kadi nje ya nchi. Kwenye kuzidisha salio, Aprili 2020 msimamizi wao, FCA, alipiga marufuku zile faini za bei moja, benki zikalazimishwa kutumia riba ya mwaka, na nyingi zikaiweka karibu na asilimia 40. Inatisha ukiisikia ila piga hesabu, ukikaa hasi pauni 100 kwa mwezi mzima unalipa kama pauni 3 hivi. Subiri nikifika Marekani uone.

Ya pili ndo inatuhusu sana sisi wa kurudi nyumbani Desemba. Benki nyingi za zamani zinaongeza karibu asilimia 3 kila ukichanja kadi nje. Starling na Monzo, ambazo ni benki za kwenye simu, haziongezi kitu kwenye malipo ya kadi, unapewa reti (bei ya kubadilisha fedha) ya mtandao wa kadi kama Visa basi. Hoteli ya Zanzibar, supamaketi Mombasa, tiketi ya boti, hiyo tofauti inalipa nauli za bodaboda likizo nzima. Na kuhama ni rahisi mno, tangu 2013 kuna huduma ya kuhamisha akaunti ndani ya siku 7 za kazi, mshahara na malipo ya kila mwezi vinafuata vyenyewe. Huku kwetu ukitaka kuhama benki unaanza na barua ya mwajiri.

Ujerumani ni tofauti kidogo. Benki za mtaani zinatoza ada ya mwezi bila aibu, na ukitoa hela kwenye ATM ya kundi lingine la benki unaweza kukatwa euro 5 kwa mara moja. Za mtandaoni ziko nafuu ila baadhi zinataka mshahara uingie kila mwezi ndo wakuache bure, soma hicho kipengele kabla hujasaini kama kazi yako ni ya msimu. Ukikataliwa akaunti kwa sababu ya karatasi, jua kwamba tangu 2016 mtu yeyote anayeishi kihalali Umoja wa Ulaya, hadi waomba hifadhi, ana haki ya akaunti ya msingi. Na kingine kitamu, Aprili 2021 mahakama yao ya juu iliamua kwamba mteja kukaa kimya sio kukubali ada mpya, benki zilizokuwa zinapandisha bei kwa kutuma tu barua zikajikuta zinadaiwa. Ningependa sana kuona hiyo hukumu inatembelea mitaa ya Posta, Dar, kwenye mabenki yetu.

Tena tangu Oktoba 2025 benki za nchi za euro lazima zikuruhusu kutuma euro ikafika ndani ya sekunde 10 kwa bei isiyozidi ya kawaida. So ukiona benki ya huko bado inakuuzia "haraka" kwa bei ya juu, ondoka.

Namba 2: credit union, Marekani

Hizi ni saccos kwa jina lingine, wanachama ndo wenye mali. Nyingi zina akaunti ya bure au kima cha chini cha dola 5 cha uanachama, na hela inalindwa na bima ya serikali hadi dola 250,000 sawasawa na benki kubwa. Matawi machache, ndio, ila nyingi zinashirikiana ATM.

Kwa nini nazipa namba 2 wakati ni za nchi moja? Kwa sababu mbadala wake huko ni mbaya sana. Benki kubwa za Marekani zimezoea kukutoza kama dola 35 ukizidisha salio, yani umenunua kahawa ya dola 4 salio likiwa na dola 3, kahawa inakuwa ya dola 39. Zingine kama Capital One na Citibank ziliifuta hiyo faini 2022. Desemba 2024 serikali ilitaka benki kubwa zishushwe hadi dola 5, Bunge likaifuta hiyo kanuni 2025 kabla haijaanza kazi. Kwaiyo usisubiri sheria, ukifungua akaunti popote Marekani waambie wazuie malipo yasiyo na salio. Kwa kadi na ATM ni haki yako kisheria, hawaruhusiwi kukuunganisha na hiyo huduma bila wewe kukubali. Kadi ikikataa dukani ni aibu ya dakika moja.

Namba 3: akaunti nyepesi ya nyumbani, uitumie kwa simu

Tanzania na Kenya karibu kila benki sasa ina akaunti ya kufungua kwa simu na namba ya kitambulisho, bila ada ya mwezi, bila kima cha chini. Chukua hiyo. Usikubali kusukumwa kwenye ile yenye jina la madini, sijui dhahabu sijui platinamu, kisa umevaa shati zuri.

Ila ubovu wake uko kwenye kutoka. Dawa ni kuikwepa keshi kadiri unavyoweza. Bongo lipa namba, na kwa kutuma benki kwenda benki au benki kwenda simu uliza kama inapita TIPS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo ya papo hapo, maana ofisa akikuandikia fomu ya TISS, ule mfumo wa Benki Kuu wa malipo makubwa kati ya benki, kwa laki tatu anakupeleka njia ya mizigo mikubwa kwa bei ya mizigo mikubwa. Kenya PesaLink, ya kutuma benki kwenda benki papo hapo, ipo tangu 2017 na bado kuna watu wanatoa hela benki, wanaiweka M-Pesa, wanaituma, mwenzao anaitoa tena na kuipeleka benki! Kila kona hapo kuna mtu anakula.

Na tusisahau bei za huku zinategemea sana mkono wa serikali. Julai 2021 Tanzania ikaja tozo ya miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, watu wakapiga kelele, Septemba ikapunguzwa asilimia 30. Katikati ya 2022 kiwango cha juu kikashuka hadi 4,000 ila tozo ikahamia na kwenye benki, kelele upya, na Oktoba ile ya benki kwenda benki na benki kwenda simu ikafutwa. Kenya nako wakati wa korona, Machi 2020, makato ya kuhamisha kati ya benki na simu yalifutwa na dunia haikuisha, benki hazikufilisika, yakarudi Januari 2023. Kwaiyo mtu akikwambia "haiwezekani kuwa bure" mkumbushe hiyo miaka.

Namba 4: kuishi na hela ya simu tupu

Kwa kiasi kidogo hakuna kinachoishinda kwa urahisi, ila ukiifanya ndo benki yako inakutafuna polepole. Chukua bei za M-Pesa Kenya baada ya mabadiliko ya 2023. Kutuma 1,000 ni bob 13, kuitoa ni 29, jumla 42, hiyo ni zaidi ya asilimia 4 kabla hujanunua unga. Kutoa 10,000 kwa mara moja ni 115, kuitoa elfu moja moja mara kumi ni 290. Alafu angalia juu kulivyo, kutuma chochote kuanzia 20,001 hadi 250,000 ni 108 tu. Yani mwenye robo milioni analipa chini ya nusu ya asilimia moja na mama wa mboga ndo anabeba mzigo. Kutuma hadi bob 100 ni bure, sawa, ila kuitoa hiyo mia wakala anakata 11.

So kama huna namna, tuma kwa mkupuo, na anayepokea alipie kwa till (lipa namba ya Kenya) badala ya kutoa. Uganda ndo kabisa, tangu Novemba 2018 kuna kodi ya asilimia 0.5 kwenye kila kutoa, juu ya ada ya kampuni.

Namba 5: akaunti ya kima cha chini

Marekani unaambiwa ukae na dola 1,500 au mshahara uingie, usipofikia unakatwa dola 12 au 15 kwa mwezi. Falme za Kiarabu (UAE) benki nyingi zimezoea kutaka dirham 3,000, ukishuka unakatwa 25. Kwa ndugu zetu wa mishahara midogo huko Ghuba hii ni akaunti ya kumwadhibu mtu kwa sababu hana hela. Kama mwajiri anakulipa kwenye kadi ya mshahara, baki nayo, toa yote siku ya malipo na utume kupitia duka la kubadilisha fedha, lakini pita maduka mawili matatu uulize mwisho wa siku shilingi ngapi zinafika, usiulize ada. Ada ndogo na reti mbaya ndo mchezo wao.

Namba 6: akaunti ya dola au euro nyumbani, ya kupokelea SWIFT (mtandao wa benki wa kutumiana hela kimataifa)

Hii chukua kama kuna mtu nje anakulipa mara kwa mara na kiasi kikubwa, vinginevyo kimbia. Hela inapotumwa, fomu ina sehemu ya nani analipa gharama, OUR ni mtumaji, BEN ni mpokeaji, SHA mnagawana. Watu wanatiki SHA bila kufikiri, benki za katikati kila moja inamega kipande chake, dola 300 inafika 270 na hakuna anayekubali kwamba ndo yeye aliyemega, unapiga simu benki yako wanakurushia kwa ya kule, ya kule wanakurushia kwenu. Na kama akaunti yako ni ya shilingi na mtu katuma euro, mara nyingi inageuzwa dola kwanza ndo iwe shilingi, umepigwa mara mbili.

Kutuma kwenda Afrika kusini mwa Sahara kumekuwa kukigharimu wastani wa asilimia 8 hivi kwa dola 200 kwa hesabu za Benki ya Dunia, wakati lengo la Umoja wa Mataifa ni 3 ifikapo 2030. Kwa hiyo kwa kiasi cha kawaida tumia kampuni za kwenye simu zinazoonyesha reti halisi ya soko na ada pembeni, kama Wise, hela inaingia moja kwa moja benki au kwenye simu ya mama. Mlioko Marekani ongezeni hili, tangu 1 Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 ukituma nje kwa kulipia keshi au hundi ya kununua. Ukilipia kwa akaunti ya benki ya Marekani au kadi ya huko hukatwi. Yule anayepanga foleni na noti kwenye duka la kona amejiongezea kodi bure.

ATM ukiwa ugenini, ikikuuliza kama ugeuziwe kwa hela ya kwenu, kataa, hata kama kitufe cha kukubali ndo kikubwa na cha kijani. Mashine ikigeuza yenyewe inajiwekea reti yake.

Na ukishahama, usiache akaunti ya zamani ikiwa na salio la elfu tatu ukidhani itajifia. Ada inaendelea, kwingine inaingia hasi na wanakuja kukudai ukiomba mkopo. Toa vyote, peleka barua ya kufunga, gongesha muhuri kwenye nakala yako, na udai karatasi inayosema salio ni sifuri.