Kudarizi majina au kuunga viraka? Kitambaa cha kuwakumbuka watoto wa Maji Maji

Kwa vikundi vya kina mama wa Njombe na Iringa wanaotaka kushona kumbukumbu ya watoto waliokufa katika Vita vya Maji Maji (1905–1907), njia ninazozipima ni mbili.

Kudarizi hakudai mengi: kitambaa cha marekani, sindano, nyuzi na fremu ya duara. Mama aliyezoea kudarizi vitambaa vya makochi anaweza kuanza leo leo. Na mkono unapopita taratibu juu ya kila herufi, mtoto yule anapewa muda wake. Lakini majina yenyewe tutayatoa wapi? Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na watoto wengi hawakuandikwa popote. Kwa watoto wa vita vya sasa, ambao majina yao yanajulikana, ningechagua kudarizi bila kusita.

Kwa hawa wa kwetu nachagua viraka: kimoja kwa mtoto mmoja, hata tusiyemjua. Wanawake wa Chile, baada ya mapinduzi ya 1973, walishona viraka juu ya magunia kusimulia habari za ndugu zao waliopotezwa, na kazi zao zikavuka mipaka. Mabaki ya vitenge yapo kwa mafundi cherehani, na kikundi kizima kinaweza kushona pamoja. Ila fueni vipande vyote kwanza. Kitenge kipya husinyaa kikiingia maji, na kiraka kimoja kikisinyaa huvuta jirani zake wote.