Vijitabu vya watakatifu pale mjini: cha Bakhita chukua macho yamefumba, cha Mashahidi jazia mwenyewe

Duka nalozungumzia ni lile dogo la vifaa vya ibada huku mjini Mwanza, sio mbali na Makoroboi. Jina naliacha maana nina malalamiko kidogo na yule mama anaeuza pale ni mtu mwema, sitaki aone nimemchoma. Rozari, skapulari, mishumaa, sanamu za Bikira Maria za kila saizi, vyote vipo na bei ni za kawaida tu. Mimi nilifuata vile vijitabu vyembamba vya maisha ya watakatifu, vyenye pini mbili katikati, kwa sababu nyumbani tuna watoto wa kipaimara na katekista kashawaambia kila mmoja aje aeleze maisha ya somo wake, yaani yule mtakatifu mwenye jina lake, sio kutaja jina afu kukaa chini.

Cha Bakhita ndo bora kuliko vyote pale, wala sio kwa mbali kidogo. Kazaliwa Darfur huko Sudan kama mwaka 1869, akaibwa akiwa mtoto, akauzwa, akauzwa tena, mpaka jina alilopewa na wazazi wake likamtoka kichwani kwa hofu, hilo la Bakhita walimpa hao hao waliomteka. Halafu akafika Italia, waliokuwa wanammiliki wakataka kumrudisha Sudan yeye akagoma kutoka kwa masista Wakanosa, kesi ikaenda mpaka kwa wakubwa wa Venice na tarehe 29 Novemba 1889 wakaamua huyu ni mtu huru. Mwaka unaofuata akabatizwa, baadae akawa sista, kafa Schio mwaka 1947, katangazwa mtakatifu mwaka 2000. Unaona raha ya kusoma kitu chenye tarehe? Na mengi tunayajua kwa sababu alisimulia mwenyewe, kwahiyo mwandishi hakuhitaji kuongeza chumvi. Binti yetu alikimaliza siku hiyo hiyo bila kufukuzwa fukuzwa.

Cha Antoni wa Padua nacho safi. Nilidhani kitakuwa cha kutafutia vitu vilivyopotea tu, lakini kinaeleza kabisa kwamba ni Mreno wa Lisbon, jina la nyumbani Fernando, aliingia kwa Wafransisko baada ya miili ya wenzao waliouawa Morocco kupitishwa Ureno, akafa tarehe 13 Juni 1231 na kabla mwaka mmoja haujatimia tangu afe alikuwa kashatangazwa mtakatifu. Ile habari ya samaki wa Rimini kutoa vichwa majini wamsikilize baada ya watu kumpuuza, kijitabu kinasema wazi ni masimulizi ya kale, afu kinaisimulia vizuri tu. Hivyo ndo inavyotakiwa! (Wale samaki wa mwaloni pale Kirumba nao angewahubiria, japo sangara na utulivu sidhani.)

Sasa Kristofa na Joji, hapo pesa yako iache mfukoni. Cha Joji kinaanza na joka ukurasa wa kwanza na joka halimaliziki, wakati hiyo habari ya joka ilikuja kuungwa miaka mamia baada ya yeye kufa, kinachoshikika ni kwamba aliuawa kwa ajili ya imani na aliheshimiwa tangu zamani huko Lida, Palestina. Cha Kristofa ndo kabisa, jitu kubwa linavusha watu mtoni, linambeba mtoto, mtoto anakuwa mzito kama dunia nzima, imeandikwa utadhani mwandishi alikuwepo kashika kasia. Mimi hadithi naipenda jamani, na madereva wetu wa mabasi medali yake wanaining'iniza kwenye kioo kila siku, ila mtoto akiulizwa na katekista Kristofa aliishi lini atajibu nini? Na yale maneno ya vijiweni kwamba Roma walimfukuza utakatifu mwaka 1969, ambayo sio kweli, sikukuu yake ilitolewa tu kwenye kalenda ya Kanisa zima lakini yeye bado yumo kwenye orodha ya mashahidi tarehe 25 Julai, kijitabu kiko kimya.

Kilichoniudhi hasa ni cha Mashahidi wa Uganda, wale waliouawa kwa ajili ya imani. Sio kwamba ni kibaya, Karoli Lwanga yupo, Kizito yupo, Yosefu Mukasa aliyeuawa mwanzo Novemba 1885 yupo, moto wa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na Papa Paulo VI kuwatangaza wote 22 mwaka 1964, sawa. Lakini ukikisoma unaweza kudhani mapadri walidondoka Buganda, ule ufalme wa huko Uganda, kutoka mawinguni. Wakati walipita hapa hapa kwetu! Padri Lourdel na Bruda Amans walitoka Kageye, hiyo hiyo Kageye ya Magu, kwa mtumbwi, wakavuka ziwa mpaka Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879, wenzao wakabaki Kageye wakisubiri jibu la Kabaka Mutesa, mfalme wa huko. Mambo yalipoharibika mwaka 1882 wakaondoka Buganda wakahamia kusini mwa ziwa na kufungua misioni Bukumbi, hapo Misungwi, wakarudi mwaka 1885, mwaka ule ule mauaji yakaanza. Na hii sasa, kaeni vizuri, Kabaka Mwanga aliyewaua wale vijana alipopinduliwa mwaka 1888 alikimbilia wapi? Huku huku! Akapitia Magu akaishia Bukumbi, wakampokea mapadri wa shirika lile lile la kina Lourdel. Niambie ni mtoto gani wa Mwanza atasinzia ukimsimulia hilo, na kijitabu hakina hata mstari mmoja. Kijana wetu wa Karoli Lwanga nilimwandikia hiyo sehemu kwa mkono nyuma ya jalada.

Mengine ni madogo madogo. Mji wa mitumbwi na meli huu ila cha Nikolasi, somo wa mabaharia, hakuna na wala hawajawahi kuagiza. Pini zinaachia haraka. Yule mama ukimuuliza anakueleza vizuri kuliko kilichoandikwa, mkute akiwa na nafasi tu, maana Jumapili misa zikitoka hapafai, nenda katikati ya wiki. Simu wanapokea. Na cha Mashahidi kipo cha jalada la rangi na cha nyeusi na nyeupe, bei moja, chukua cha rangi maana kile kingine kurasa za mwisho wino umefifia mpaka huwezi kusoma majina.