Daimler DS420: raha yote imeishia nyuma ya kioo

Kama una zaidi ya futi sita na umeahidiwa kazi ya kuendesha limuzini za kale kwenye harusi, soma hapa kabla hujakubali. Mimi ndiyo kibarua changu cha wikendi huku Uingereza, na gari ninalokabidhiwa mara nyingi ni Daimler DS420. Lilitengenezwa kuanzia 1968 hadi 1992, na hata Malkia Mama, yaani mama yake Malkia Elizabeth wa Pili, alikuwa akitembelea la aina hii. Maharusi wakishuka husifu mno. Siti ya dereva hakuna anayeiulizia, basi acha niisemee mimi.

Siti hiyo ni ya benchi na haisogei hata kidogo. Mgongoni mwako kuna ukuta wenye kioo unaokutenga na abiria, na viti vyao vya ziada hukunjwa vikaegemea ukutani hapo hapo. Ukuta hauna pa kurudi, kwa hiyo siti nayo hairudi wala hailali. Umekaa wima kama uko misani. Gari lina urefu wa karibu mita 5.7, halafu magoti yangu yanasugua usukani! Nikitaka kuhamisha mguu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki, sharti kwanza nilipeleke goti pembeni, upande wa mlango, ndipo unyayo upate kupita. Viatu vya soli nene nimeviacha nyumbani.

Isitoshe, mbele ni ngozi, nyuma mara nyingi kitambaa cha sufu. Ni desturi ya tangu enzi ambazo dereva alikaa nje akinyeshewa, na ngozi ndiyo iliyohimili mvua. Sasa mvua hainipati, ila mwezi wa saba, ambao huku ni wa joto, nikiwa na suti nyeusi ndani ya gari lisilo na kiyoyozi, shati huganda mgongoni.

Kuliendesha kwenyewe, hapo sina neno. Injini ni ile ya Jaguar ya lita 4.2, silinda sita, gia otomatiki, na usukani wa pawa ni mwepesi ajabu kwa gari la zaidi ya tani mbili. Msingi wake ni Jaguar 420G iliyorefushwa, na kila gurudumu la nyuma linacheza peke yake, ndiyo maana matuta yanapita kimyakimya. Breki ni za diski mbele na nyuma, zinashika vizuri. Kona za vijijini tu ndizo zinataka subira, maana mkia unachelewa kufika.

Bosi aligoma kwa muda mrefu siti isiguswe, eti gari litapoteza uasili wake. Mwishowe fundi viti akapunguza sponji ya makalio. Mapaja yamepata nafasi chini ya usukani. Pedali ziko palepale, kwa hiyo magoti bado yamepinda. Safari za kutoka kanisani kwenda ukumbini navumilia. Ikiwa ni mwendo wa saa mbili naomba Jaguar Mark 2, ndogo kweli, lakini siti yake inasogezeka.

Ukiitwa kwenye usaili, usiishie kuzunguka mtaa mmoja. Kaa humo nusu saa, ukanyage breki mara kadhaa, na uvae ile kofia ya kazi, kwa sababu dari nalo liko karibu.