Seti ya mawano sita ya majaribio kwa upinde wa paundi 40: uzoefu wangu

Seti hii nimeitumia wiki sita kwenye upinde wa Samick Sage wa inchi 62, paundi 40. Navuta kwa mkono wa kulia hadi inchi 28, vidole vitatu vyote chini ya noki (mpasuko wa mkia wa mshale unaoshika upote), na mshale unakaa moja kwa moja juu ya kikalio cha mshikio, yaani ukingo ulio juu ya mkono. Ndani ya seti kuna mawano (vijiti vya mshale) ya kaboni ya inchi 32 ambayo hayajakatwa: mawili ya ugumu 400, mawili ya 500 na mawili ya 600. Katika kila jozi moja lina manyoya na jingine liko tupu. Kuna pia chembe za skrubu za greni (kipimo kidogo cha uzito) 100, 125, 175 na 200.

Kwa asiyezizoea namba hizi: wano la 500 likilazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, kisha likaning'inizwa gramu 880 katikati, linazama nusu inchi. Kwa hiyo namba ikipanda, wano ni laini zaidi. Majedwali ya watengenezaji hukadiria tu. Hayajui uachiaji wako, upote wako, wala kikalio chako kimechongwa hadi wapi. Hapo ndipo seti ya aina hii inapookoa pesa ya dazani nzima isiyofaa.

Usianze na mawano, anza na upote. Pima kimo chake, yaani kutoka sehemu ya ndani kabisa ya mshikio hadi kwenye upote. Nilianza na sentimita 19, nikawa naongeza mizunguko mitatu mitatu kwenye upote (ukisokotwa unafupika, kimo kinapanda) hadi kelele na mtetemo vilipotulia kwenye sentimita 20.3. Upote wa Dacron ukiwa mpya hunyumbuka, kwa hiyo pima tena baada ya mishale mia hivi. Kimo kikishuka bila wewe kujua, majaribio yote yanayofuata yatakudanganya.

Kisha fundo la noki. Milimita 13 juu ya mstari mnyoofu wa kikalio ni mwanzo mzuri, ila kwa vidole vitatu chini nimeishia 16. Funga mafundo mawili ya uzi wenye nta, moja juu ya noki na moja chini yake, la sivyo noki itateleza kushuka wakati wa kuvuta. Noki ishike upote kiasi kwamba mshale ukining'inia, pigo jepesi la kidole linauangusha. Noki za seti zilibana mno kwenye upote wangu. Nilizipitisha kwenye msasa laini ndipo zikakubali.

Wano tupu nalo lina sharti lake: lifungwe utepe pale manyoya yangekuwa, kama nusu gramu, ili uzito wa nyuma ulingane na wa lenye manyoya. Piga kwanza mita 10, kisha 15, kwenye shabaha pana. Tupu likianguka chini ya lenye manyoya, fundo liko juu mno. Likipanda, fundo liko chini. Tahadhari hapa: fundo likiwa chini sana, mkia hugonga kikalio na kuruka, nawe utasoma kinyume. Ndiyo maana ni salama kuanza juu na kushuka milimita moja moja.

Ukishamaliza wima, ndipo uhukumu ugumu. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, tupu likienda kulia wano ni laini, likienda kushoto ni gumu. Matokeo yangu kwa mita 15: wano la 400 lilikwenda kushoto kwa kila chembe. La 600 lilikwenda kulia hata kwa greni 100. La 500 na greni 125 lilikuwa sentimita 20 kushoto, kwa 175 sentimita 5 kushoto, kwa 200 likavuka kidogo kulia. Nikabaki na 200 na kulikata milimita 6 kila mara. Mkato wa tatu ukalileta pamoja na mwenzake. Mshale mzima una uzito wa greni 480, yaani greni 12 kwa kila paundi ya upinde, na upinde umekuwa kimya kabisa. Wano la 600 nalo lingeweza kukatwa likakaza, lakini mshale mzito ndio niliouchagua.

Wano laini kupita kiasi linaweza kugonga ubavu wa mshikio na kutupwa kushoto, likaonekana gumu. Pakaa unga wa chaki kwenye ubavu huo, piga, uangalie alama.

Kaboni isikatwe kwa kikata bomba, kinaiponda, wala kwa msumeno wa chuma, unaichana nyuzi. Tumia diski ya kusaga inayozunguka kwa kasi, uvae barakoa. Kabla ya kila kupiga, likunje wano kidogo na usikilize: likilia, livunje ulitupe.

Malalamiko yangu mawili kwa duka lililoniuzia. Mawano yenye manyoya yalikuja na ya plastiki, jambo lisilofaa kwa anayepiga juu ya kikalio, kwani plastiki haikubali kulala inapopita na inautupa mkia. Niliyang'oa nikaweka manyoya halisi ya inchi 4. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hufunga manyoya ya kanga kwenye mishale yao, na manyoya hayo hulala yakigusa mti. Pili, wano moja lenye manyoya kwa kila ugumu ni kidogo. Huwezi kujua kama ni wano lililokosea au ni mkono wako. Ningelipa zaidi nipate matatu.

Dazani niliyoagiza baadaye ni 500 ya mtengenezaji yuleyule. Nililiacha moja tupu, nikalijaribu kabla ya kugusa mengine kumi na moja kwa diski, na safari hii mikato miwili ilitosha.